Gari ya Kumpeleka Mama

Kawangware,
14 Januari 2024

Kyalo ndugu yangu,

Niaje huko? Najua utasema hiyo si salamu ya kuanzia barua, lakini ndiyo niliyo nayo leo. Sisi tupo, Mungu ametushika. Tabby ameingia Form Two na ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuniuliza, mtoto ana miguu mikubwa kama ya baba yake, Mungu amlaze pema. Mwenye ploti, Mzee Ng'ang'a, amepaka choo rangi ya kijani halafu akapandisha kodi. Kimanzi bado yuko kwa ile garaji yenu karibu na Soko la Toi, anakusalimu sana. Anasema spana zako hajamwazima mtu.

Sasa nije kwa Mama. Nimemtoa kwenye nyumba yake ya Kambi Muru, anakaa na mimi tangu Novemba. Usishtuke, soma pole pole. Figo zake zote mbili zimechoka. Anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Akikosa siku moja anavimba miguu. Akikosa mbili anaanza kuhema. Daktari alinikalisha chini akaniambia waziwazi, huyu mama asikose.

Kumfikisha hospitali ndiyo kazi. Kwa matatu hawezi kupanda, magoti hayakunjiki. Nduthi, hizi pikipiki za abiria, nilijaribu mara moja, akashuka analia, na wewe unajua Mama si mtu wa kulia. Wenye teksi wakiona njia yetu ya ndani wanasema wako mbali. Kwa hivyo nimeamua kununua gari, Kyalo. Kuukuu, ndiyo, lakini ya kwetu. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika, na kuendesha ulinifundisha mwenyewe. Ninachokosa ni jicho. Mtu aniambie hii ni gari na hii ni kaburi lenye magurudumu. Wewe ndiye fundi wa nyumba hii. Niandikie niangalie nini.

Mama anauliza kama unakula.

Mimi dada yako,
Nthenya

*

Gerezani,
2 Februari 2024

Nthenya,

Nimepata barua yako juzi, ilikuwa imefunguliwa kama kawaida, afande amesoma kabla yangu. Mimi niko sawa. Baridi ya huku asubuhi inaingia kwenye mifupa, lakini tumezoea. Mwambie Mama ninakula. Mwambie maharagwe ya hapa yana mawe machache kuliko zamani.

Habari ya figo imenikalia vibaya. Nimeisoma mara nne. Mambo ya figo siyajui. Nitasema ninalolijua.

Kwanza, usimpigie muuzaji simu kwamba unakuja. Fika asubuhi mapema bila taarifa, na kabla hujamsalimu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, ujue ameshaiwasha. Gari inayosumbua kuwaka ikiwa baridi huwashwa mapema, mnunuzi akija inaitika kwa funguo mara moja, naye anafurahi. Wewe unataka kuiona ikiamka.

Ikiwaka, usimwangalie mwenyewe, angalia ekzosi. Moshi wa bluu, inakula oil. Mweupe usioisha hata injini ikipata joto, maji yanaingia pasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oil uangalie chini yake. Ukiona kitu kama uji wa maziwa, funga, sema asante, nenda zako.

Beba sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa. Ipitishe ubavuni. Pale itakapokataa kushika, hapo paligongwa pakazibwa. Inua kapeti unuse. Gari iliyolala kwenye mafuriko hukauka juu tu. Angalia mpira wa pedali ya breki. Kama saa ya kilometa inasema gari imetembea kidogo na mpira umeisha mpaka chuma, saa imerudishwa nyuma. Linganisha namba ya injini na ile ya logbook, kile cheti cha umiliki, na jina la logbook na kitambulisho cha anayekuuzia.

Halafu iendeshe, redio imezimwa, vioo vimefungwa. Mahali tambarare, legeza mikono kwenye usukani uone inaelekea wapi. Mahali pasipo na watu, kabisa pasipo na watu, kanyaga breki kwa nguvu.

Usinunue kabla sijakujibu. Niandikie kila ulichoona, hata kidogo.

Kaka yako,
Kyalo

*

Kawangware,
25 Februari 2024

Kyalo,

Fundi mkuu, salamu! Tuko wazima, mvua bado, joto la kuudhi. Tabby amevunja kioo cha dirisha la jirani na akasema ni upepo.

Wacha nikuambie nilivyomshika Wainaina. Huyu ni bwana wa kuuza magari pale nyuma ya kituo cha mafuta, mdomo mtamu, ananiita "mathe" kama mimi ni mama yake, na ananizidi umri. Alikuwa na station wagon ya kijivu, inang'aa mpaka unajiona. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, bado anapiga mswaki. Nikaweka mkono kwa boneti. Kyalo, ningeweza kupika chapo pale! Nikamuuliza, "Wainaina, hii imelala na blanketi?" Akaanza kucheka, eti aliisogeza kidogo ili afagie. Nikatoa sumaku. Mlango wa nyuma wote haukushika, sumaku inaanguka tu. Wainaina akasimama na povu lake mdomoni. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia kaka yangu, yuko safari.

Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alinifanya nirudie ile sehemu ya sumaku. Akasema, "Kyalo angekuwa hapa asingehitaji hata sumaku, angenusa." Alikuwa na siku nzuri. Ijumaa iliyopita tulichelewa kwa sababu ya teksi, wakamfupishia muda, lakini Jumanne alikamilisha.

Sasa natafuta nyingine. Naona nitakuwa makanika uzeeni.

Nthenya

*

Gerezani,
13 Machi 2024

Nthenya,

Ulifanya vizuri. Hiyo uliyoikataa iliwahi kugongwa ubavuni, mlango haufunguki ukihitajika.

Nimecheka pia. Niko sawa. Nilihamishwa chumba, ndiyo sababu nimechelewa.

Wamemfupishia muda kwa kiasi gani? Hukuandika.

Kyalo

*

Kawangware,
7 Aprili 2024

Kyalo ndugu yangu,

Za huko? Huku mvua imefika na hasira zake zote. Njia ya ndani imekuwa uji. Mzee Ng'ang'a amemwaga kokoto mbele ya mlango wake peke yake. Sisi wengine tunaruka. Uliuliza juu ya muda: walimfupishia saa moja. Tangu hapo amekosa Ijumaa moja nzima kwa sababu ya mvua. Uso umemjaa kidogo. Anakula vizuri lakini maji anapimiwa, na hiyo ndiyo inamuudhi kuliko sindano.

Nimepata gari. Naomba ukae chini.

Ni Toyota 110 nyeupe, ina miaka zaidi ya ishirini, ya Mwalimu Gerishon. Wewe humjui. Ni mzee wa Kawangware hii hii, amezaliwa kwenye shamba lao kabla halijawa ploti, alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Anauza kwa sababu macho yamefunga, hawezi tena kuendesha. Ndiye mwenyewe wa kwanza tangu iingie nchini. Ana daftari, Kyalo. Kila alipobadilisha oil ameandika siku na kilometa, kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mtihani.

Nilienda asubuhi bila taarifa. Boneti baridi. Iliwaka mara ya pili, siyo ya kwanza, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Moshi hakuna. Kifuniko cha oil kisafi. Sumaku imeshika kila mahali, ila bampa, na bampa ni plastiki, usiniulize. Kapeti inanuka vumbi la chaki. Mpira wa pedali umeisha sawa na kilometa zake. Namba zote zinalingana. Bima ndiyo imekwisha, kwa hivyo haiwezi kuingia barabara ya lami mpaka mwenye mpya alipe. Niliizungusha humu ndani tu.

Kitu kimoja. Nilipokanyaga breki kwa nguvu, ilivuta kushoto kidogo. Nakuandikia kwa sababu ulisema hata kidogo.

Mama tulimpeleka kuiona. Akaketi kiti cha mbele, akarudisha kichwa nyuma, akalala palepale. Mwalimu akasema tumwache, tukasimama nje tukinong'ona kama nusu saa. Alipoamka akasema, "Hii inanitosha."

Mwalimu ananingoja. Sema neno, nilipe kesho.

Nthenya

*

Gerezani,
28 Aprili 2024

Nthenya,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nasikia mafuriko yamebeba nyumba mtoni. Kambi Muru wako vipi? Msalimie Mama, mwambie asinywe maji ya kuiba.

Gari hiyo usinunue.

Gari ikivuta upande ukishika breki, kuna gurudumu linaloshika na lingine lisiloshika. Leo inavuta kidogo, kesho ni mteremko na mtu yuko mbele. Mpelekee Kimanzi. Avue magurudumu yote manne, si mawili. Aangalie bomba za breki kwa chini, hasa pale zinapopita juu ya ekseli ya nyuma, kutu hujificha hapo. Amwage mafuta ya breki atie mapya. Kisha uniandikie alichokiona.

Najua una haraka. Mimi pia nina haraka. Usinunue.

Kyalo

*

Kawangware,
15 Mei 2024

Kyalo,

Sisi tupo. Tabby anasoma. Mvua imepungua. Nimemaliza salamu.

Kimanzi alikuja na jeki yake, akalala kwenye matope ya Mwalimu Gerishon saa tatu nzima. Amevua magurudumu manne. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na upepo mdogo, na breki ya upande wa kulia ilikuwa imeganda kidogo kwa kusimama muda mrefu. Ameisafisha, ameipaka grisi, amejaza upepo. Bomba hazina kutu. Mafuta ametia mapya. Nikakanyaga breki mara kumi na moja, nimehesabu. Imenyooka kama rula. Kimanzi amekuandikia kikaratasi, nimekiweka ndani. Anasema, "Mwambie Kyalo mimi ningembebea mama yangu kwa hii."

Mama amekosa tena Ijumaa mbili mwezi huu. Miguu imekuwa mizito, viatu haviingii, anavaa malapa ya marehemu mume wangu. Jumanne tulimbeba kwa kiti cha plastiki mpaka barabarani, mimi na Tabby na jirani wawili, na teksi ilikuwa imeshaondoka. Alikuwa anaomba radhi kwa kila mtu tuliyempita njiani. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, siyo uzito wake.

Sasa nitasema, na afande akisoma asome. Tangu uende huko hatujawahi kutaja siku ile. Wewe hutaji, mimi sitaji, Mama anaomba Mungu kimya kimya. Kageha amekufa, Kyalo. Alikuwa ameketi na sukuma wiki zake kando ya barabara, na pikapu uliyokuwa unaijaribu ikakosa breki, ikampanda. Sote tunajua. Watoto wake nawaona Toi. Lakini hii si pikapu ile. Hii ni gari ya mwalimu wa hesabu, na Mama hajafa.

Ungeuliza kwa nini sinunui tu, kwa kuwa pesa ninayo na mikono ninayo. Nina sababu, sitaiandika hapa. Wewe niandikie neno moja. Tafadhali, kaka. Hata kwenye kipande cha gazeti. Ndiyo.

Nthenya

*

Gerezani,
19 Juni 2024

Nthenya,

Nimepata barua yako tarehe tano, nimeshindwa kuijibu haraka. Nisamehe. Mama yukoje? Msalimie sana. Mwambie nimepunguziwa siku kwa tabia njema, huenda nikatoka mapema Desemba.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Kuhusu gari. Kimanzi ni fundi mzuri lakini ana tabia ya kuamini. Breki iliyoganda ikisafishwa hunyooka wiki moja mbili, kisha hurudi. Ingekuwa vyema ikae mwezi mmoja halafu ijaribiwe tena. Ulisema iliwaka mara ya pili. Jaribu asubuhi tatu mfululizo, uandike kila siku. Muulize Mwalimu mkanda wa injini ulibadilishwa lini, kwenye daftari iko? Na taa za nyuma zinawaka zote mbili ukishika breki? Hukuniambia kuhusu taa za nyuma. Mtu aliye nyuma yako anategemea hizo taa.

Ukinijibu haya, nitakuambia.

Kyalo

*

Kawangware,
4 Agosti 2024

Kyalo,

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Tabby ndiye amenikalisha mezani leo.

Mama ametuacha. Ilikuwa Jumapili tarehe thelathini Juni, saa saba mchana, watu wakitoka kanisani. Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Nilijaribu kupiga simu huko wakasema watakupa ujumbe, sijui kama walikupa. Naona kwa kimya chako kwamba hawakukupa. Au walikupa na ukanyamaza, sijui tena wewe unafanya nini na maneno.

Jumanne ya wiki ile barabara za mjini zilikuwa zimefungwa kwa maandamano, hakuna gari iliyotoka. Ijumaa asubuhi mvua ikanyesha, mvua ya kijinga isiyo ya msimu wake. Teksi ilifika kwenye lami, dereva akaangalia ile njia yetu, akasema haingii. Tukambeba kwa kiti. Tulipofika hospitali zamu yake ilikuwa imepita na mtu mwingine yuko kwenye mashine, naye ni mgonjwa vilevile, ningemwambia ashuke? Wakasema Jumatatu asubuhi mapema. Jumamosi alishindwa kulala chali. Jumapili nilimwegemeza kwa mito yote ya nyumba. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi, akaniambia nimfungulie mlango aone watu wakipita na nguo zao za kanisa. Nikafungua. Nikaenda kumletea kanga ya mabegani. Niliporudi hakuwepo.

Tulimzika nyumbani Kitui, tarehe tano Julai, karibu na Baba. Nafasi yako ya kutupa udongo alisimama Kimanzi. Mchungaji aliuliza mtoto wa kwanza yuko wapi, nikasema hayupo.

Unajua tulienda na nini? Mwalimu Gerishon alilipia bima ya mwezi mmoja kwa pesa yake, akanipa funguo, akasema, "Mama alipenda kile kiti." Nikaendesha nyuma ya gari la maiti mpaka Kitui na kurudi. Tulipanda milima, tulishuka, tulipita mabonde yenye mawe ya kutisha. Haikuvuta kushoto. Haikuchemka. Iliwaka kila asubuhi mara ya kwanza.

Tulipoingia ndani, bado tuna vumbi la kaburi kwenye viatu, Mzee Ng'ang'a akanipa barua iliyokuwa imefika. Ilikuwa yako. Nikaifungua mbele ya watu nikidhani umesikia. Uliniuliza kama taa za nyuma zinawaka.

Zinawaka, Kyalo. Zote mbili.

Nthenya

*

Gerezani,
25 Agosti 2024

Dada yangu Nthenya,

Hawakuniambia. Nimejua kwa barua yako. Afande aliyeisoma kwanza alikuja nayo mwenyewe mpaka mlangoni badala ya kuniita jina uani, akanipa, akaondoka. Hapo nikajua kabla sijasoma.

Sitaki kujitetea. Nataka ujue ukweli wote, halafu fanya nao unavyotaka.

Siku ile ya pikapu, mahakamani nilisema breki zilikatika ghafla. Si kweli. Asubuhi nilikanyaga pedali ikashuka kuliko kawaida, ikaishia chini. Nilijua, Nthenya. Mguu wangu ulijua. Nikasema moyoni nitashuka nayo pole pole mpaka Toi nikanunue mafuta ya breki, ni karibu, nitafika. Kageha aliniona nikija akanipungia mkono, alidhani nakuja kununua mboga. Nilikuwa nanunua kwake kila siku. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili, hata Mama alipokuja kuniona siku ya hukumu.

Tangu hapo sijiamini na neno "iko sawa". Sauti yangu ndiyo iliyosema iko sawa asubuhi ile. Ulipoandika kuhusu Toyota ya Mwalimu, boneti baridi, kifuniko kisafi, daftari, nilijua ni gari nzuri. Nilijua kabla Kimanzi hajaigusa. Ukaandika inavuta kushoto na nikashukuru, nikapata kitu cha kushika. Kimanzi akakiondoa, nikatafuta kingine. Mkono wa Kimanzi naujua, nimefanya naye kazi miaka sita, akisema imenyooka imenyooka. Kila nikikaa kuandika "nunua" nilikuwa namuona Mama kwenye kiti cha mbele na mteremko uko mbele yake, na mkono wangu unakataa. Nilidhani namlinda. Nilikuwa naogopa, basi. Gari ile haikuwa na kitu.

Nilimuua Kageha kwa kusema ndiyo, na Mama nimemuua kwa kutosema. Nakuandikia hivi bila kuomba unisamehe. Kama hutaki nije Kawangware nikitoka, nitaenda moja kwa moja Kitui.

Ile sababu uliyosema hutaiandika, ya kwa nini hukununua bila mimi. Kama unaweza, niambie.

Kyalo

*

Kawangware,
22 Septemba 2024

Kyalo,

Tupo. Tabby ameanza kuamka mwenyewe asubuhi, sijui nani amemwambia. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili kwenye mfuko wa aproni. Nimeisoma nikipika, nikaisoma kanisani. Mambo ya Kageha nenda ukawaambie watoto wake ukitoka, siyo mimi. Wa kwanza anaitwa Nabwire, anauza viatu vya mtumba pale Toi. Nitakupeleka kama miguu itakataa.

Umeuliza sababu. Nilikuwa nimeapa sitakuambia. Nilikasirika sana nikafikiri, akikaa asijue ni adhabu tosha, na siku nyingine nikafikiri, akijua ndiyo adhabu. Lakini wewe umetoa chako, kwa hivyo nami nitoe.

Ni Mama. Mwezi wa nne, siku ileile aliyolala kwenye gari ya Mwalimu, nilimwambia kesho nalipa. Akanishika mkono kwa nguvu, yule mama aliyekuwa hawezi kushika kikombe. Akasema, "Hapana. Mngoje Kyalo aseme." Nikamwambia barua inachukua wiki tatu. Akasema, "Huyo mtoto watu wote wameacha kumuamini na gari. Mahakama imeacha, mtaa umeacha. Tukinunua bila neno lake atajua hata sisi tumeacha. Akitoka huko atatoka bila mikono." Nikagombana naye. Mwezi wa tano nikagombana naye tena, miguu imemvimba hivyo. Akaniambia nisikuandikie kwamba ni yeye, usije ukasema ndiyo kwa kumhurumia. Alitaka useme kwa sababu umeangalia na umejua.

Kila barua yako ilipofika alikuwa anaketi wima kwanza. Ananiuliza, "Amesema?" Nami namwambia bado, anaangalia jambo moja. Anasema, "Si unaona. Ni fundi makini."

Nimenunua ile gari. Nilimlipa Mwalimu wiki iliyopita, yeye alitaka kupunguza nikakataa. Desemba nitakuja nayo kukuchukua, niandikie tarehe wakishakupa. Nitakuwa langoni. Sijui kama nitakuwa nimekusamehe, usiniulize njiani, tutaongea mambo mengine.

Na usifikirie Mama umemuua peke yako. Nilikuwa na barua zako mkononi na Mama hakujua kusoma. Ningeifungua yoyote ile, ya Aprili au yoyote, nikamwambia, "Mama, amesema ndiyo." Angefurahi, tungeenda Ijumaa kwa gari. Sikufikiria. Kila mara nilimsomea ulichoandika, neno kwa neno, kama mpumbavu. Alikufa akingoja neno moja kutoka kwako, na mdomo wa kulisema nilikuwa nao mimi.

Dada yako,
Nthenya